Maji ya Miwa Pangoni

Jumanne, 22 Julai

Mzee ninayemhudumia Northfield amegoma kuvaa soksi tena. Nimepiga magoti mbele yake nikimbembeleza mpaka magoti yakaniambia basi. Mwishowe akacheka, akanipa mguu. Nimebakiza shifti moja tu kabla ya likizo.

Nyumbani Shard End, hapa Birmingham, nguo zimetapakaa kila mahali. Saru, binti yetu, amejipangia begi mwenyewe. Nguo za kuogelea tele, chupi hata moja hakuna. Miaka minane, akili yote iko baharini. Baba yake anapiga miluzi toka asubuhi. Desmond anakwenda kumwona mama yake, ataachaje kupiga miluzi.

Mimi naogopa. Niandike tu, hapa hasomi mtu. Naogopa ndege. Naogopa bahari nisiyoijua. Zaidi ya yote namwogopa mama mkwe. Mama Verna alifanya kazi Birmingham mpaka akastaafu, akarudi kwao Jamaica. Tumeonana mara moja, siku ya harusi yetu. Alinikagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Jumamosi, 26 Julai

Tumefika. Joto la Mombasa kabisa. Nimesikia harufu ya chumvi na kuni, nikataka kulia, sijui kwa nini.

Nyumba ya Mama Verna iko juu ya kilima, madirisha yana vyuma kama ya Nairobi. Saru kapigiwa vigelegele. Desmond kakumbatiwa. Mimi nimepewa mkono.

Chakula cha jioni, samaki na mkate wa muhogo, mviringo, umekaangwa. Nikasema hata kwetu Taita muhogo ni chakula. Akasema, "Hm." Basi. Nikaendelea kula.

Jumatano, 30 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio, labda nitatulia.

Leo tumekwenda hifadhi ya pwani, sisi wanne. Mama Verna alisema Saru lazima aone alikotoka. Langoni kuna kibanda wanakamua miwa. Nikanunua chupa. Ndani kuna ngome ya Waingereza, mizinga bado inaangalia bahari. Kuna magofu ya kiwanda cha sukari. Na kuna pango.

Tulianza na pango. Anayetembeza wageni ni dada mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akasema kabla ya meli za wazungu kulikuwa na wenyewe wa kisiwa. Walilima muhogo, walivua, na baadhi ya wafu wao waliwalaza humu pangoni. Mifupa mingi ilichukuliwa zamani ikapelekwa makumbusho, mingine iko huko nyuma. Wageni walipokuja, wenyewe wakafa kwa kazi, njaa na maradhi. Desmond akamuuliza, hawakuacha wajukuu? Akajibu kwamba vitabu vinasema hapana na watu wa hapa wanasema ndiyo.

Halafu akatuonyesha ukuta. Nyuso. Zimechongwa kwenye jiwe. Duara, macho mawili, mdomo. Nyingine ndogo kama za watoto.

Kwetu wazee waliokufa walikaa mapangoni pia. Mafuvu yao, yamepangwa chini ya mwamba, yanatazama nje. Nilipokuwa mdogo babu alitupitisha chini ya mwamba huo. Hunyooshi kidole. Hupiti kimya. Babu alijaza mdomo pombe ya miwa, akaipuliza chini, pfuu, huku akisema maneno ya amani. Huko ndiko kutasa. Unatema kinywaji na unatema hasira yote iliyo moyoni, ili usiwe na neno na mtu, aliye hai wala aliyekufa. Nasali kanisani Acocks Green kila Jumapili na Wakenya wenzangu, naimba kwaya. Lakini babu sijamsahau.

Nikawaza, hawa wa hapa nani huwatasia? Kila siku ni watalii na simu zao tu. Watu wamelala kwenye nyumba yao na wageni wanapita bila hata hodi. Sikuweza kuvumilia.

Wengine walipotangulia ngomeni nikamwambia Desmond Saru amesahau kofia pangoni. Uongo. Kofia ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikarudi na mtoto. Kule nyuma kuna kamba na kibao chenye picha ya popo. Nikadhani wanawalinda popo wasisumbuliwe. Tukainama, tukapita.

Chini laini kama unga wa dengu. Popo juu, wengi, wanasukumana na kulia. Saru kafurahi, akarukaruka, vumbi likapanda mpaka kiunoni kwake. Akapiga chafya, akacheka. Nikajaza mdomo maji ya miwa, nikapuliza. Nikasema kwa Kitaita, "Wenye hapa, sisi ni wageni. Hatuna hasira nanyi. Mtupitishe kwa amani." Sauti ikarudi kutoka ndani. Mwangwi tu. Lakini nilisisimka mwili mzima.

Saru akauliza nafanya nini. Nikamwambia nasalimu. Nikamwambia pia baba asijue, bibi asijue, wala mtu wa kanisani. Siri yetu. Akaweka kidole mdomoni, macho yakimng'aa.

Tukawakuta wenzetu kwenye magofu ya sukari. Dada yule anaeleza. Muwa haukuwa wa hapa. Ulikuja na meli zile zile. Misitu ikakatwa kwa ajili ya muwa. Wenyewe walipokwisha wakaletwa watu kutoka Afrika kwa minyororo wafe kwa ajili ya muwa. Mama Verna alikuwa anatingisha kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtu kanisani.

Chupa ilikuwa bado mkononi mwangu. Inanata.

Nimewasalimu marehemu kwa kitu kilichowaua. Jamani. Mimi ni mtu mzima, na nimewafanyia hivyo.

Alhamisi, 31 Julai

Sikula. Nimesema ni jua. Mama Verna ananitazama.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani na Mama Verna, kofia yake kubwa kuliko usukani. Waliimba vizuri. Mimi nilikuwa naomba msamaha, na sikujua naelekeza wapi.

Saru mzima kabisa. Anakula maembe, anaogelea, anamwita bibi yake "boss". Labda nimejitisha bure. Mwoga hukimbia kivuli chake.

Jumanne, 5 Agosti

Shard End. Mvua. Nguo chafu mpaka mlangoni. Wakati wa kuagana Mama Verna alinipa mkate wa muhogo umefungwa kwa taulo, akanishika bega. Alisema, "Una kitu moyoni." Nikasema sina.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi kazini. Mzee wa soksi kanisuta kwamba nimemtupa. Ninakohoa. Kikohozi kikavu, kifua kizito. Baridi ya Birmingham hata Agosti, nikajiambia.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Saru kwenye kochi, kajifunika blanketi. Mwili moto. Hataki simu, hataki katuni, hataki hata aiskrimu.

Nimempa dawa ya homa. Nimekaa chooni nimefunga mlango, nimejiziba mdomo kwa taulo. Si kikohozi nilichokuwa nakizuia, ni kilio.

Jumatano, 13 Agosti

Daktari wa mtaa amesema virusi. Maji kwa wingi, mapumziko. Desmond karidhika. Mimi sikuridhika ila sikusema kitu. Saru anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Anakohoa na anashika kifua.

Akiwa amelala amenishika kidole, akauliza, wale watu wamenikasirikia? Nikasema watu gani, mama. Akasema, wa pangoni. Nikamwambia shh.

Nimemwambia mtoto mgonjwa shh.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumelazwa. Asubuhi midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Mimi hukaa na wazee, najua rangi hiyo. Desmond aliendesha gari huku anaongea peke yake. Hospitalini wakamwekea oksijeni. Eksirei ikaonyesha madoa pande zote mbili za mapafu, kama mtu amenyunyiza kitu. Wamesema nimonia. Wameanza antibiotiki kwa mshipa.

Madoa yamenyunyizwa. Mimi ndiye niliyenyunyiza. Siwezi kuacha kuwaza hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Homa haijashuka hata kidogo.

Daktari kijana amekuja, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Desmond alikuwa ameshuka kuhamisha gari. Akauliza tulikwenda wapi likizo. Mbu waliwauma? Mliogelea mtoni? Mlikuwa karibu na wanyama wowote, ndege, mashamba? Nikasema ufukweni. Nikasema ngome. Nikasema nyumbani kwa bibi.

Saru alikuwa macho. Barakoa ya oksijeni usoni. Alinigeuzia uso akanitazama, akingoja. Nikatazama dirishani.

Hakusema. Nilimfundisha vizuri.

Daktari akasikia ninavyokohoa. Akauliza nina kikohozi tangu lini, nyumbani Kenya kuna mtu mwenye TB. Nikasema hapana. Akaniletea barakoa. Wametuhamisha chumba cha peke yetu. Wauguzi sasa wanaingia wamejifunika. Nimewapigia simu kazini, wamesema nisikanyage kwa mzee yeyote mpaka ijulikane.

Naogopa kila kitu. Namwogopa mtoto wangu mwenyewe, jinsi anavyonitazama.

Jumapili, 17 Agosti

Wa kanisani wamekuja, wameruhusiwa mlangoni tu. Mama Pasta akaomba kwa nguvu. Katikati ya maombi akasema kuna familia husafiri zikarudi zimefungamana na madhabahu za kigeni, Bwana azivunje. Alisema hivyo hivyo, kama anavyoombea kila mtu. Wala hajui lolote. Lakini nilihisi kama amenivua nguo pale koridoni.

Nikasema amina.

Sasa siwezi kumwambia yeyote. Nikiwaambia wa kanisani, mimi ni mchawi. Nikimwambia Desmond, mimi ni mjinga aliyempeleka mtoto wake kwenye mifupa na akamdanganya kwa kisingizio cha kofia. Nikimwambia daktari, atamwita daktari wa akili.

Na nikinyamaza?

Sitaki kuandika sentensi hiyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Mbaya zaidi leo. Wameongeza oksijeni. Wanataka kuingiza mpira kwenye mapafu kuchukua majimaji. Desmond alitia saini, kalamu ikamponyoka. Yeye hutengeneza lifti, mikono yake haiangushi kitu.

Nimetoka koridoni mchana nikampigia Shangazi Mghoi, Wundanyi kwetu Taita. Shangazi yangu ni wa Umoja wa Akina Mama, kanga ya kanisa, kila kitu. Na akifunga mlango wake wa jikoni anatasa kama babu. Sote tunajua na hatusemi.

Sikumaliza salamu. Akasema, "Wewe Wakesho, sauti hiyo siyo ya mtu aliyepiga kusalimia." Nikamweleza. Yote. Pango, popo, maji ya miwa, magofu, uongo wa kofia, Saru na kidole mdomoni. Nikamwambia nimewatusi wafu wa watu na sasa wanamchukua mtoto.

Nikasikia kuku wake.

Nilitegemea atasema chinja mbuzi. Nilitegemea anihurumie. Akaja juu.

"Wafu walioonewa hivyo, wana kazi gani na chupa yako ya miwa? Unadhani wanakuonea wivu? Kutasa si maji, mtoto wewe. Ni kifua. Ulitema maji ukameza neno. Na ukampa mtoto naye ameze. Ulimwona babu yako akitasa huku amemficha mtu kitu? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaseme."

Nikamuuliza niseme kwa nani.

"Kwa kila aliyesimama kando ya kitanda hicho. Hata anayedeki."

Akakata simu. Shangazi hakati simu kamwe, huwa tunaagana kama tunahama nchi.

Nimekaa kwenye kiti cha koridoni. Desmond kanipita akaniletea chai, akanipapasa kichwa. Sikusema. Nilikuwa nimefungua mdomo na sikusema. Haki ya Mungu sijui mimi ni mtu wa aina gani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimesema.

Asubuhi alikuja daktari mkubwa wa mapafu. Mama wa Kihindi, nywele zimeanza mvi. Kasoma jina langu, akaniuliza kwa Kiswahili, natoka Kenya sehemu gani. Mama yake alizaliwa Kisumu. Kiswahili chake ni kile cha jikoni, cha "leta hii, peleka ile", lakini alikisema kwa upendo. "Pole sana, mama. Mtoto yako naumwa muda gani?"

Nikaanza kulia. Nikasema yote, kwa Kiswahili, haraka, kama mtu anayetapika. Desmond alikuwa pale pale, kashika mguu wa Saru, anatutazama mmoja kisha mwingine. Yeye Kiswahili chake ni chai, pole pole, na nakupenda.

Nilipofika kwenye popo daktari akainua mkono. Akauliza vumbi lilikuwa kavu? Ndiyo. Mtoto alilirusha? Ndiyo. Na wewe ulikuwa naye? Ndiyo. Na wewe unakohoa tangu lini? Nikamwambia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Madaktari wakubwa hawakai.

Akaniambia nimwambie mume wangu. Nikasema tafadhali mwambie wewe. Akakataa. Akasema yeye atamweleza ugonjwa, hilo lingine ni langu.

Basi nikasema tena, kwa Kiingereza, polepole. Ngumu zaidi. Kwa Kiingereza neno halina pa kujificha. Nilipotaja kofia Desmond akafumba macho. Nilipotaja kwamba nilimkataza Saru kusema, akaachia mguu wa mtoto, akatoka.

Saru akanyoosha mkono akashika wangu. Ule wake wenye sindano.

Daktari akatueleza, mimi na Saru. Kwenye kinyesi cha popo kunaota ukungu. Kikikauka kinakuwa vumbi, ukilivuta linaingia mapafuni na ule ukungu unaanza kuota huko. Antibiotiki haiugusi. Ukiutazama kwenye eksirei unaweza kuapa ni TB. Nchi hii hawaufikirii mpaka mtu aseme neno pango. Watapeleka damu na mkojo kwenye maabara, majibu yatachelewa, ila hatasubiri. Anaanza dawa leo.

Kisha akanipeleka na mimi eksirei. Madoa yale yale, machache. Mapafu yangu na ya mwanangu yametiwa doa na vumbi moja.

Sijui kama nimetulia au naogopa zaidi. Nilipanga kuwaogopa wafu. Sikupanga kuuogopa ukungu.

Jumatano, 20 Agosti

Desmond amerudi jana jioni, akakaa upande wa pili wa kitanda. Hajasema nami. Anamsomea Saru. Akimaliza ukurasa ananiangalia, anarudi kwenye kitabu.

Homa ipo.

Alhamisi, 21 Agosti

Homa ipo. Daktari anasema dawa hii si panadol, subira. Nimemuuliza kwa Kiswahili, atapona? Akasema, "Mimi nafikiri ndio." Nimelitafuna neno "nafikiri" siku nzima.

Mama Pasta kapiga simu. Nikamwambia. Shangazi alisema kwa kila aliyesimama kando ya kitanda. Nikamwambia nilitasa pangoni Jamaica. Akasema bibi yake mzaa mama alikuwa anatemea mate mbegu kabla ya kupanda. Akasema hajawahi kumwambia hata Pasta. Tukacheka kidogo, kwa woga, kama wanafunzi. Sikutarajia hilo kabisa.

Jumamosi, 23 Agosti

Asubuhi nimegusa shingo ya Saru. Baridi. Nikaogopa, nikamtikisa. Akafungua macho akasema nimemwamsha na anataka chipsi.

Homa imeshuka. Nimekwenda dirishani nikalia nikiangalia maegesho ya magari. Desmond kaja nyuma yangu. Akasema yeye hana neno na pango. Kama ningemwambia nataka kuwasalimu angekuja nami, angebeba chupa. Kinachomuuma ni kwamba mtoto alilala hapa anashindwa kupumua, jibu analo mdomoni, na hakulitoa kwa sababu ya mama yake.

Sikujitetea. Ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

Akanipa chipsi mbili za Saru.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama Verna kwenye simu, video, uso mzima umejaa kioo. Desmond alikuwa kashamweleza. Nikajiandaa kutukanwa, na nikatukanwa. Kwa nini sikumuuliza yeye? Mtu anakwenda kwa jirani bila kumuuliza mwenye mtaa? Alinisema mpaka Saru akamwambia boss, punguza sauti.

Kisha akatulia. Akasema bibi yake alikuwa anaweka mkate wa muhogo kwenye mwamba wa pango lile lile kila msimu wa kuvuna, kabla haijawa hifadhi, kabla ya tiketi. Hakusema kwa nini. Alisema tu kwamba ndivyo wanavyofanya wa kwao. Mama Verna hajawahi kumwambia mtu, watoto wa Birmingham wangemcheka.

"Ungeniuliza ningekwambia hawataki miwa," akasema. "Muhogo. Na unauweka nje, mwanangu. Nje. Huko ndani kunanuka."

Mwanangu. Nililisikia vizuri. Nimeliandika hapa ili nisije nikadhani niliota.

Jumapili, 7 Septemba

Nyumbani. Majibu ya maabara yalikuja, ni ule ukungu. Saru atakunywa dawa miezi kadhaa, ana makalio ya kuku kwa kukonda, anapanda ngazi akipumzika katikati. Jumatatu shule, nusu siku. Mimi nimeruhusiwa kazini. Mzee wa Northfield kaniambia amevaa soksi mwenyewe muda wote huu, mzushi mkubwa.

Sikwenda kanisani leo. Mvua nyepesi. Desmond kalala kwenye kochi. Saru kaja jikoni akaniuliza yale maneno ya pangoni yalisemaje. Nikamfundisha. Kitaita kinamtoka kwa lafudhi ya Shard End. Akauliza kama tunaweza kufanya hapa. Nikasema kutasa si kwa wafu tu, ni kwa watu wa nyumba pia. Unasema kilichokukasirisha, unakitema, kinaisha. Lakini lazima ukiseme chote.

Kwenye friji kulikuwa na juisi ya tufaha. Ikabidi.

Nikaanza mimi, nimpunguzie aibu. Nikapuliza kwenye sinki, nikasema sina hasira na mtu. Akanitazama kama siku ile, uso ule ule wa hospitalini. Akajaza mdomo, mashavu yakavimba, akapuliza. Juisi ikaruka mpaka dirishani.

Akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nilikukasirikia wewe, mama. Nilitaka kumwambia daktari. Nilidhani nikisema hutanipenda. Nilidhani nitakufa na bado ni siri.

Nilitaka kusema shh, mama, yamepita. Neno lilifika kwenye meno.

Sikulisema. Nikashika ukingo wa sinki nikasikiliza mpaka akamaliza. Alikuwa na mengi. Alipomaliza akauliza kama kuna juisi iliyobaki, nikamwambia ipo, akajimiminia. Mimi nikachukua kitambaa nikafuta dirisha.